Mkanda Mwekundu wa Fundi Haruna

Maiti ya Idi Manzi ilikuwa chali kando ya tanuri, ndala moja mguuni na nyingine juu ya rundo la mkaa. Mtu alikuwa ameshaifunika kwa kanga, lakini kanga ilikuwa fupi. Miguu ilibaki nje, na nyayo zilikuwa nyeupe kwa majivu.

Inspekta Xavérine Umulisa wa upelelezi wa jinai alifika saa nne na nusu asubuhi. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nane, mwaka 1992. Kigali ya mwaka ule ilikuwa na vita kaskazini na guruneti sokoni, na watu walikuwa wamejifunza kulala chini kabla ya kuuliza. Ndiyo maana askari wa usalama walifika mtaani Biryogo kabla yake. Ndiyo maana pia walikuwa wameshampata mkosaji.

"Kiwanda cha mabomu," alisema Kapteni Gisa. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Wanajifanya wanasubu sufuria. Mwenye kiwanda tunaye."

Mwenye kiwanda alikuwa Haruna Nsengiyumva, mzee wa miaka sitini, fundi aliyekuwa akiyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria tangu kabla ya uhuru. Mlipuko ulipotokea, yeye alikuwa amekwenda kununua mkaa. Alirudi mbio, gunia mgongoni, akamkuta Idi, mkwe wake, chini. Hakupewa hata nafasi ya kuinama. Walimtia pingu akiwa bado na gunia.

Umulisa alipiga magoti, akafunua kanga. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akafunika tena, taratibu, akivuta kitambaa kifike miguuni. Hakikufika.

"Guruneti hutawanya vipande," alisema. "Mwili huwa na matundu madogo mengi. Huyu amepigwa na kitu kimoja, kizito, kifuani."

"Basi wamebuni bomu jipya."

"Au si bomu."

Kapteni alitabasamu. "Inspekta, Ijumaa asubuhi namhamishia mzee kambini. Ukiwa na neno, lilete kabla ya hapo."

Umulisa aliijua kambi hiyo. Mwaka ule pekee familia tatu zilikuja ofisini kwake kuuliza habari za watu waliopelekwa huko. Aliandika majina, akaandika barua, barua hazikujibiwa. Mama mmoja bado alikuja kila Jumatatu, akaketi kwenye benchi, akaondoka bila kusema kitu. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa siku tatu zilikuwa na maana gani kwa Haruna. Alifungua daftari ili macho yake yapate mahali pa kukaa.

Alipima, akachora ramani, akamwelekeza mpiga picha. Bati la paa lilikuwa limepasuka. Kwenye ukuta wa tofali mbichi, mkabala na tanuri, chuma kirefu cha mviringo kilikuwa kimezama nusu, mfano wa msumari. Vipande vingine vilikuwa sakafuni, kwenye mchanga wa kalibu za sufuria, hata ndani ya sufuria mpya. Aliviokota kimoja kimoja kwa koleo, akavitia kwenye bahasha. Kimoja, kipana kama kiganja, kilikuwa na mstari wa rangi nyekundu uliokizunguka.

Raihana, mke wa Idi na binti wa Haruna, alikuwa nje ameketi juu ya sufuria iliyofudikizwa. Hakuwa akilia. Alitazama bahasha mikononi mwa inspekta.

"Vyuma mmeokota vyote," alisema. "Mume wangu mnamwacha hapo mpaka saa ngapi?"

Umulisa alisema maiti lazima ipite kwa daktari.

"Daktari atamrudishia uhai? Iko Muislamu huyu. Amekufa leo, azikwe leo."

"Nitamrudisha kabla ya alasiri. Nakuahidi hilo moja."

Ahadi hiyo aliitimiza kwa ugomvi. Daktari wa hospitali alikuwa na foleni ya majeruhi kutoka kaskazini, akamwambia asubiri kesho. Umulisa alisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji mpaka wauguzi wakachoka kumzunguka. Saa saba daktari alimaliza. Alimpa bakuli lenye kipande cha chuma kilichong'aa, kama pistoni, na akamwambia kwamba baada ya karibu miaka miwili ya vita alijua majeraha ya guruneti kuliko uso wa mkewe. Hili halikuwa hilo. Kitu hiki kilisukumwa kwa nguvu ya baruti, kikatoka kwenye bomba kikienda upande mmoja, na Idi alikuwa upande huo.

Idi alizikwa saa kumi na nusu. Haruna hakuwepo. Kapteni alikuwa amekataa kumtoa hata kwa nusu saa chini ya ulinzi.

Usiku ule Umulisa hakulala vizuri. Kesho yake, Jumatano, alifika ofisini mapema, akatandaza gazeti mezani na kupanga vipande vyote, akitafuta kila kingo na mwenzake. Kufikia saa tano alikuwa na bomba zima, refu kama mkono wa mtu mzima, nene, zito, limepasuka upande mmoja. Lilikuwa na namba zilizogongwa kwenye chuma. Kati ya namba hizo aliweza kusoma 1957. Karibu na kifuniko ulizunguka ule mkanda mwekundu.

Alichukua picha ya bomba, akaenda kumwona Haruna mahabusu.

Mzee alikuwa amenyang'anywa mkanda wa suruali na koti. Alishika suruali kwa mkono mmoja alipoinuka kumpokea, na mkono wa pili akaunyoosha kumwonyesha mahali pa kuketi, utadhani mgeni ameingia sebuleni kwake.

"Karibu, mwanangu. Hapa hakuna chai."

Umulisa alimpa picha. Haruna aliisogeza mbali na macho, akaikaribisha tena. Kisha akauliza, "Tundu liko upande gani?"

"Tundu gani, mzee?"

"Hili lina mkanda mwekundu. Nyuma ya mkanda lazima kuna tundu."

"Hakuna tundu. Nimelipanga mwenyewe, kipande kwa kipande."

Mzee alimrudishia picha. Ndipo alipomweleza jinsi wanavyofanya kazi.

Kitu chochote kilichofungwa, alisema, iwe chupa ya gesi, iwe mguu wa pikipiki wenye mafuta, hakiingii motoni kwake kabla hakijapumua. Yeye mwenyewe hukizamisha kwenye pipa la maji na kukitoboa polepole kwa keke ya mkono. Kikitoa upepo, kinapumua, kinatulia. Kikitoa harufu ya baruti, anaacha papo hapo na aliyekileta anakuja kukichukua. Kikishapumua ndipo anachovya kidole kwenye rangi na kukivisha mkanda mwekundu. Alianza desturi hiyo mwaka 1974, baada ya chupa iliyofungwa kumchoma mdogo wake. Tangu hapo kila aliyefanya kazi kwake alijua jambo moja: penye mkanda, usiulize.

"Idi hakuuliza," alisema Haruna. "Mimi ndiye nilimfundisha asiulize."

"Wewe ulilivisha bomba hili mkanda?"

"Sijawahi kuliona."

"Nani mwingine anapaka?"

"Hakuna. Hata Idi nilikuwa sijamruhusu."

"Nje ya kiwanda, nani anajua maana ya mkanda?"

"Wateja hawajui. Wao wanataka sufuria." Alifikiri. "Labda yule aliyegombana nami kwa sababu ya tundu. Mkurugenzi. Yule anayeokota mavyuma ya ndege za vita."

Haruna aliieleza habari hiyo bila chuki, hata akacheka kidogo, maana wakati ule ilikuwa kichekesho cha kiwanda kizima. Mwezi wa Ramadhani dereva wa mkurugenzi alileta chupa ya chuma iliyotoka kwenye ndege ya zamani, kifuniko chake kimeganda kwa kutu. Haruna aliitoboa, akaivisha mkanda, akailegeza kifuniko motoni, akairudisha. Kesho yake mkurugenzi alikuja mwenyewe, na suti yake, akapiga kelele mbele ya wanawake waliokuja kununua sufuria. Alisema chupa ile ni ya mwaka arobaini na nne na kwamba Haruna ameiua. Mzee alimweleza habari ya kupumua na ya mkanda, neno kwa neno, kama alivyomweleza inspekta sasa. Idi alimwigiza yule bwana kwa wiki nzima: akipasua tikiti maji, anashika kichwa na kulia kwamba limeuawa.

"Jina lake?"

"Nduwayo. Anakaa Kimihurura, kazi yake iko wizarani, Kacyiru."

Umulisa alifunga daftari. Mzee alimshika mkono.

"Mwanangu, wamemzika?"

"Jana."

Haruna alirudi ukutani, akageuza uso.

Jioni ile Raihana alimpokea inspekta kwa ubaridi. Nyumba ilikuwa imejaa wafiwa, akina mama wakimenya viazi uani, nao walinyamaza walipoona kitambulisho. Umulisa aliuliza swali moja tu: asubuhi ile, kabla ya mlipuko, nani aliingia kiwandani?

"Frederick," alisema Raihana bila kufikiri. "Dereva wa yule mkurugenzi."

Frederick alikuwa Mhaya wa Bukoba aliyefuata kazi Kigali, na kila alipofika Biryogo aliwacheka kwa Kiswahili chao. Wao nao walimcheka kwa mwendo wake wa maringo. Siku ile, Raihana alisema, alikuja kwa miguu, gunia begani, jasho likimtoka. Yeye alikuwa akipanga sufuria barabarani, akamtania.

"Nilimwambia, 'Leo gari imekufa, Mhaya?' Akasema bosi amemwambia aliache kule msikitini. Nikamwambia bosi wako anaona haya kuonekana na sisi. Akacheka. Aliweka gunia, akasema maneno mawili na Idi, akaondoka. Sikumaliza hata kupanga mstari mmoja wa sufuria."

"Siku nyingine gari alikuwa anaweka wapi?"

"Hapa. Mlangoni. Akawa anatuzibia biashara." Alikuwa amesikia kile alichokisema. Kisu alichokuwa nacho mkononi alikiweka chini, mbali na wenzake. "Kwa nini siku hiyo aliweka mbali?"

"Kesho nitamuuliza."

"Ukishajua, usiniletee maneno ya kunipoza. Niletee kama yalivyo."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Umulisa alikuwa Niboye. Frederick alikaa kwenye chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la vitenge. Alikuwa akipiga pasi shati. Alipoona kitambulisho aliiacha pasi juu ya shati, na inspekta ndiye aliyeinyanyua.

"Nilisikia redioni kwamba ni bomu la maadui," alisema Frederick. "Nikashukuru kwamba lilikuwa bomu."

"Ulishukuru?"

Alifunika uso kwa mikono. "Shikamoo dada, naomba uniulize nikujibu. Siwezi kuanza mwenyewe."

"Gunia lilikuwa na nini?"

"Bomba. Limetoka kwenye kile kiti."

"Kiti gani?"

Frederick alieleza. Miezi miwili iliyopita alimpeleka bosi wake Goma, ng'ambo ya mpaka. Huko walinunua kiti cha ndege ya kivita iliyoanguka zamani. Kilikuwa kiti cha kumrusha rubani nje ndege inaposhindwa. Kilisafiri kimefunikwa blanketi, na njia nzima bosi alimkataza asipite kwenye mashimo. Alimwambia aendeshe kana kwamba amebeba mayai.

"Alikupa bomba lini?"

"Jumanne asubuhi."

"Alisema nini? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Mwambie fundi kimeshapumua, akiweke motoni kifuniko kilegee tu, nataka kirudi kizima.' Akasema nikishaweka nisingoje. Na gari niliache mbali."

"Alikupa sababu?"

"Moshi wa tanuri utaharibu rangi ya gari."

"Umekwenda pale mara ngapi?"

"Labda sita."

"Mara tano za kwanza aliwahi kujali rangi?"

Frederick alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Alisema Idi alimkaribisha chai siku ile, na angekuwa hana haraka ya kurudi kwenye gari angekunywa. Kisha akaandika yote kwa mkono wake, akatia sahihi, akaomba ruhusa ya kutokwenda kazini. Umulisa alimwambia aende kokote isipokuwa Kimihurura.

Kupata hati ya upekuzi kulichukua muda wa saa tano. Mwendesha mashtaka alisoma jina, akavua miwani, akauliza kama inspekta amechoka na mshahara wake. Umulisa alimwekea mezani picha ya bomba, barua ya daktari na maelezo ya dereva, akasimama bila kuongeza neno. Hatimaye bwana yule alitia sahihi kwa haraka, jinsi mtu anavyomeza dawa chungu.

Nduwayo mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, msafi, mwenye sauti ya chini. Alisoma hati, akaikunja, akairudisha.

"Karibu, binti. Utakuwa umekosea nyumba, lakini karibu."

Sebule ilikuwa kubwa, na nusu yake ilikuwa ndege. Saa za rubani zilipangwa kabatini nyuma ya kioo. Pangaboi la mbao la ndege ya zamani lilining'inia ukutani. Matairi madogo, usukani, kofia za ngozi, kila kitu na kikaratasi chake cha maelezo. Katikati kilisimama kile kiti, cheusi, kirefu, kimezungushiwa kamba. Kwenye kamba kilining'inia kibao kilichoandikwa kwa Kinyarwanda na Kifaransa: usiguse. Umulisa alizunguka kamba. Nyuma ya mgongo wa kiti palikuwa na vishikizo viwili vitupu, nafasi kati yao ikiwa urefu wa mkono wa mtu mzima.

Hakuvitaja. Alisema tu kwamba hajapata kuona vitu kama hivi, na akauliza kama si hatari kuviweka nyumbani.

Alikuwa amegusa mahali penyewe. Mkurugenzi alisoma ufundi wa ndege Ubelgiji ujanani, akarudi akapewa meza na mihuri. Hakuna aliyekuja sebuleni kwake akauliza swali hilo. Alisimama wima, akaanza kufundisha.

Saa za rubani, alisema, mishale yake imepakwa rediamu ili ing'ae gizani, na mtu mjinga akikwangua rangi hiyo anavuta sumu, kwa hiyo yeye huzifungia kwenye kioo, mbali na vyumba vya kulala. Matairi huyatoa upepo kabla hayajavuka kizingiti. Chupa za upepo hazikai ndani mpaka awe na hakika kwamba ni tupu.

"Na kiti?" aliuliza Umulisa, akiandika.

"Kiti ndicho hatari kupita vyote. Kina bomba lenye fataki za baruti. Vuta mpini, rubani anapaa juu mita ishirini na tano. Wakusanyaji wajinga wamekufa kwa viti hivi, binti. Wamekufa sebuleni kwao."

"Lakini hiki ni cha zamani. Baruti haijafa?"

"Watu hudhani hivyo. Baruti ikizeeka haifi, inaharibika. Leo inakataa hata kiberiti, kesho inashtuka kwa joto dogo. Haitabiriki."

"Ungeshauri mtu aitoe vipi?"

"Asiitoe. Aite mtaalamu wa silaha. Na asiipashe moto kamwe."

Umulisa alimaliza sentensi, akaweka nukta. Akageuza daftari, akamwonyesha.

"Haya ni maneno yako?"

"Ndiyo."

"Tia sahihi hapa chini."

Mkurugenzi alitazama ukurasa, kisha vishikizo vitupu nyuma ya kiti, kisha uso wa inspekta. Kalamu hakuichukua.

"Bomba la kiti hiki liko wapi, mheshimiwa?"

"Lilikuja bila bomba."

"Frederick anasema lilikuja nalo."

"Dereva. Unaamini dereva?"

"Namba za kiti ni hizi hapa mgongoni. Namba za bomba ninazo mezani kwangu. Tuzilinganishe?"

Umulisa aliwaita askari wake wawili waliokuwa nje. Katika chumba cha kazi, nyuma ya sebule, walikuta kopo la rangi nyekundu inayong'aa, brashi nyembamba ikiwa bado laini, na kitabu cha matengenezo ya kiti. Ukurasa wa kuhusu bomba ulikuwa umepigiwa mistari kwa penseli. Onyo la moto lilipigiwa mistari miwili.

Haruna alipaka kwa kidole, rangi ya vumbi jekundu iliyochanganywa na mafuta. Mkanda wa bomba hili ulinyooka mno, na uling'aa mno. Idi angeweza kuliona hilo kama angekuwa na sababu ya kutazama mara mbili.

Umulisa aliweka kopo mezani, mbele ya Nduwayo.

"Ulipaka wewe."

"Nataka wakili."

"Utampata. Ulipaka wewe?"

"Unajua simu moja tu…"

"Piga. Nitangoja. Nitamsimulia huyo utakayempigia habari ya gari lililoachwa msikitini."

Mkono uliokuwa ukielekea kwenye simu ulisimama. Ulirudi gotini.

"Nilipaka," alisema.

"Kwa nini?"

"Kifuniko kilikuwa kimeganda. Nilihitaji kilegezwe."

"Hilo la kifuniko. Mimi nauliza la mkanda."

"Angelitoboa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Unaelewa maana ya kutoboa? Limevuka ajali, limevuka mvua za miaka na miaka, kila namba yake imebaki. Vingapi vimebaki hivyo? Kisha mzee wa sufuria anachukua keke. Tundu moja tu, linakuwa takataka kama takataka zake nyingine."

"Ungeweza kulifungua hapa. Una spana, una msumeno, una jiko la gesi."

Nduwayo alitazama mlango wa ndani.

"Kwa nini hukulifungua hapa?"

"Nina watoto humu ndani."

Umulisa alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, na askari mmoja alisogea ili asikie.

"Ulijua kuna baruti."

"Sikuwa na hakika kama ni nzima."

"Ukatafuta hakika kwa mkono wa mtu mwingine."

"Sikutaka afe. Nilidhani fataki zimekufa. Ningepata bomba langu, yeye angepata ujira wake, basi."

"Ulidhani zimekufa, ukamwambia dereva aliache gari mbali."

Nduwayo aliinamisha kichwa.

"Gari ulilificha. Watoto wako uliwaficha. Hata hicho kiti umekizungushia kamba. Mtu aliyekuwa mbele ya tanuri ulimpa nini?"

"Sikumjua. Hata jina lake silijui."

Umulisa alisukuma karatasi tupu na kalamu mbele yake.

"Idi Manzi. Andika. Anza na jina hilo."

Aliandika kurasa tatu. Mara moja tu alisimama, akataka kusahihisha neno: askari mmoja alikuwa ametaja bomu, naye akasema kitaalamu si bomu. Umulisa alimtazama mpaka akaendelea kuandika. Alipotolewa nje, pingu mikononi, aligeuka mlangoni akawaomba askari wasikivute kile kiti kwa mpini wake. Askari walimwangalia bosi wao. Umulisa aliwaambia wakiache mahali kilipo, wafunge chumba, wamwite mtaalamu wa silaha. Ilimuuma kwamba ushauri ule ulikuwa wa kweli, na kwamba ulipatikana bure kwa kila mtu isipokuwa Idi.

Ijumaa, saa moja asubuhi, lori la kwenda kambini lilikuwa limeshawashwa uani. Kapteni Gisa alisoma ungamo mara mbili.

"Mkurugenzi ana marafiki," alisema.

"Mwendesha mashtaka ana nakala. Hakimu ana nakala."

"Hata hivyo, karatasi za mzee hazijakamilika. Atoke Jumatatu."

Umulisa aliketi kwenye kiti cha wageni, akaweka mkoba wake magotini.

"Unafanya nini, Inspekta?"

"Nangoja Jumatatu."

Nje lori lilizidi kunguruma. Makarani wawili walichungulia mlangoni, wakaona mwanamke ameketi na kapteni amesimama, wakaondoka polepole. Robo saa ilipita. Kapteni alivuta droo, akatoa muhuri, akaupiga kwa nguvu iliyotikisa kikombe.

Haruna alitokea akiwa ameshika suruali. Walimrudishia koti, mkanda hawakuuona. Raihana alikuwa langoni tangu alfajiri. Hakumkimbilia. Alivua mtandio wake wa juu, akamfunga baba yake kiunoni, akakaza fundo, wakati askari wote wanatazama.

"Nani alimwosha?" aliuliza mzee.

"Wajomba zake. Walimwosha vizuri, baba."

Haruna aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa adabu ya miaka sitini, akageuka kuelekea ngazi alipokuwa amesimama Kapteni Gisa, akainua mkono wake kifuani, akafungua mdomo.

"Baba," alisema Raihana. Alilisema kwa sauti ya kufika kwenye ngazi na kupita. "Huyu usimwambie asante. Alikuchukua na gunia la mkaa mgongoni, akakunyima kumzika Idi. Leo amekuachia tu kilichokuwa chako. Usimwambie."

Mkono wa mzee ulikaa kifuani kitambo kirefu.

Haruna alishusha mkono.

"Twende kwa Idi kwanza," alimwambia binti yake. "Nyumbani baadaye."